Kelele si nguvu: bomba la moshi linaloiga bunduki halina nafasi Beni

BENI – Katika magaraji ya pikipiki mjini Beni, na vilevile Oicha, Mavivi na kandokando ya barabara ya taifa namba 4, kuna kazi moja inayofanyika mchana kweupe na ambayo hakuna anayeiita kosa. Kijana analeta pikipiki yake ikiwa nzima. Fundi anapasua bomba la moshi, anatoa kuta za ndani zinazotuliza sauti, kisha anachomelea upya. Ama anaondoa bomba lote la kiwanda na kufunga lingine fupi, lililo wazi, lenye rangi ya kung'aa na jina la kampuni ya mashindano lililoandikwa ubavuni. Kijana analipa, anawasha, mtaa mzima unasikia. Anaondoka akiamini amenunua nguvu.

Hakununua nguvu. Amenunua kelele, na kelele hiyo inafanana na sauti ambayo imewafanya maelfu ya watu wa eneo hili waache nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao.

Jambo hili linachukuliwa kuwa dogo. Wakuu wana vita, wana wahami, wana barabara zisizopitika. Nani atapoteza muda kwa mabomba ya pikipiki? Lakini si dogo. Linagusa uhai wa watu, na linagusa pia mfuko wa mmotari mwenyewe, ambaye anadanganywa kila siku na wauzaji wa vipuri wasiomweleza bomba lile linafanya nini ndani ya injini yake.

Sikio la mhami

Tangu Oktoba 2014, wakaaji wa Beni na vijiji vyake wamejifunza kuishi kwa kusikiliza. Ngadi mwaka huo, Rwangoma Agosti 2016, Boikene Septemba 2018: majina haya hayahitaji maelezo kwa mtu wa hapa. Katika mashambulizi kama hayo, mara nyingi aliyepona ni yule aliyesikia mapema. Redio hutoa habari baadaye. Simu huenda haina moto wala mtandao. Sikio ndilo hutoa habari saa ile ile. Ndiyo maana katika mitaa mingi ya mashariki watu wamezoea kupiga sufuria na filimbi usiku wanapohisi hatari: wameunda mfumo wa onyo usiohitaji umeme, mafuta wala ruhusa ya mtu.

Sasa pikipiki inapita saa tatu usiku karibu na nyumba zinazopokea wahami. Mmotari anazima kontakti huku pikipiki ikiendelea kutembea, kisha anaiwasha tena. Paa! Halafu mara ya pili: paa, paa! Kwa kijana aliyeketi juu ya kiti, huo ni mchezo. Kwa mama aliyekimbia Eringeti akiwa na mtoto mgongoni, mwili umeshaamua kabla ya akili kuuliza. Mikono imeshatafuta mtoto, miguu imeshatafuta mlango. Wazee wa Kiswahili walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watu hutumia methali hiyo kumcheka mwoga. Wanasahau sehemu yake ya kwanza: nyoka aliuma kweli.

Lakini ubaya mkubwa zaidi hauko kwa wale wanaoshtuka. Uko kwa wale ambao wameacha kushtuka. Mtu akiamshwa mara nyingi na mlio ambao mwishowe ni pikipiki tu, atafika siku ya kusema, hata bila kuinua kichwa kitandani: "Lala, ni mmotari." Siku nyingi atakuwa amesema kweli. Siku moja anaweza kukosea, na siku hiyo dakika tano alizolala ndizo dakika tano alizohitaji ili kutoa watoto nje. Bomba la moshi linaloiga bunduki halisumbui usingizi tu. Linachosha onyo la mwisho walilo nalo watu wasio na ukuta, wasio na mlinzi na wasio na gari la kukimbilia.

Hiyo ndiyo hoja, na haifutwi na neno "watazoea". Kuzoea ndiko hatari yenyewe.

Hata pale ambapo hakuna vita, kelele ya barabara inahesabiwa kuwa jambo la afya. Mwaka 2018, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Ulimwenguni ilipendekeza kwamba wastani wa kelele za magari usiku usizidi desibeli 45. Na desibeli hazihesabiwi kama kilo za mchele: kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti inazidishwa mara kumi. Pikipiki ambayo kiwanda kiliitoa ikiwa na sauti ya kuvumilika haihitaji kuongezewa namba nyingi ili ipite ukuta wa mbao na turubai kama vile havipo. Anayelala chini ya turubai hana dirisha la kufunga.

Nguvu inatoka wapi?

Muuzaji atasema: "Bomba likiwa wazi, injini inapumua." Neno hilo ni tamu, na lina kipande cha ukweli ndani yake. Ndiyo maana linadanganya vizuri.

Pikipiki nyingi za kubeba watu hapa, ziwe TVS, Boxer au nyingine za namna hiyo, zina injini ya silinda moja, ya ukubwa wa sentimita za ujazo 100 hadi 150. Katika injini ya aina hii moshi hautoki kama maji ya bomba, mfululizo. Unatoka kwa mapigo. Kila mizunguko miwili ya injini, valvu ya kutolea moshi inafunguka mara moja na kurusha pigo moja la gesi ya moto. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, hayo ni mapigo 33 hivi kwa sekunde. Kila pigo linakwenda ndani ya bomba kama wimbi, linafika mahali bomba linapopanuka, na sehemu ya wimbi hilo inarudi kuelekea injini. Likirudi kwa wakati unaofaa, linasaidia kuvuta mabaki ya moshi kutoka ndani ya silinda na kuipa nafasi hewa mpya yenye petroli. Likirudi kwa wakati mbaya, linazuia.

Wakati huo unategemea nini? Unategemea urefu wa bomba na upana wake. Bomba refu na jembamba kiasi husaidia injini inapozunguka polepole na kuvuta mzigo. Bomba fupi na pana husaidia injini inapozunguka kwa kasi kubwa sana. Hakuna bomba linalosaidia pote. Wahandisi wa kiwanda walipochagua urefu wa bomba la pikipiki ya kazi, walifikiria mtu anayeondoka polepole, mwenye abiria wawili au gunia la kakao, kwenye mlima wenye matope. Fundi anayelikata kwa msumeno anasogeza msaada huo mpaka kwenye kasi ambayo mmotari wa Beni haifikii, kwa sababu barabara haimruhusu, na mzigo pia haumruhusu.

Kwa hiyo siku inayofuata pikipiki inaunguruma kama simba mahali pa tambarare, kisha inakosa pumzi kwenye mlima. Mmotari anaongeza mafuta, anarudisha gia, anakaza mkono. Sauti inapanda na yeye anahesabu sauti hiyo kuwa nguvu. Tangi inahesabu tofauti.

Kuna jambo la pili ambalo muuzaji halisemi kamwe. Kabureta ilipangwa pamoja na bomba lile la zamani. Tundu dogo linalopitisha petroli lilipimwa kwa hewa iliyotarajiwa kupita. Bomba likibadilishwa na tundu likabaki lile lile, mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi na petroli chache. Injini inafanya kazi ikiwa na joto kuliko ilivyokusudiwa, valvu inaungua mapema, na mmotari anapoachia mkono wa mafuta, petroli isiyowaka inashika moto ndani ya bomba: pu, pu, pu. Mlio huo anaousifu ni dalili ya injini isiyopangwa vizuri. Akimrudia fundi, tundu linapanuliwa, na sasa petroli inakwenda zaidi. Vyovyote iwavyo, analipa yeye.

Na ule mchezo wa kuzima na kuwasha kontakti? Pikipiki ikiwa bado inatembea, pistoni inaendelea kusukuma petroli isiyowaka ndani ya bomba la moto. Cheche inaporudi, petroli hiyo inalipuka humo. Mlipuko huo hausukumi gurudumu hata sentimita moja. Unapasua viungo vya bomba, unapiga valvu, na unaamsha mtaa.

Gari la mashindano na pikipiki ya mzigo

Vijana wengi wameipata hamu hii katika video za simu: magari ya zamani ya mbio, yaliyotunzwa Japani, Marekani au Ulaya, yenye mirija mizuri ya chuma ikitoka ubavuni mwa injini. Ni haki yao kuyapenda. Datsun 240Z, kwa mfano, ni gari ambalo historia yake inagusa Afrika ya Mashariki: lilishinda Safari Rally mwaka 1971, kisha tena mwaka 1973. Wenye magari hayo hadi leo hubishana juu ya mirija ya kutolea moshi: kubakiza ile ya kiwanda ya chuma cha kusubu, au kufunga mirija ya kuchomelea, mmoja kwa kila silinda.

Lakini ni vizuri kuelewa kwa nini mirija ile inafanya kazi kule. Gari hilo lina silinda sita. Mirija ikikutanishwa kwa urefu unaofaa, pigo la moshi la silinda moja linapopita kwenye makutano linasaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Silinda zinasaidiana, kama watu sita wanaopokezana mzigo. Pikipiki ya silinda moja haina jirani wa kusaidiana naye. Faida kubwa inayotafutwa katika gari lile haipo kabisa hapa, hata ukinunua bomba lenye jina lile lile.

Zaidi ya hapo, mwenye gari la zamani anayejua kazi yake haanzi kwa kuuliza "litalia namna gani?" Anaanza kwa kuuliza: gari litaendeshwa wapi, kwa mizunguko mingapi, na kabureta zitapangwa upya na nani? Anajua kwamba mrija mpana mno utamnyang'anya nguvu ya kuondokea. Na akishafunga mirija yake mipya, bado anaweka kituliza sauti nyuma, kwa sababu mirija inayotoka kwenye injini na kituliza sauti ni vitu viwili tofauti. Unaweza kubadilisha cha kwanza bila kuua cha pili. Hapa Beni, magaraji yamechukua kutoka kwa magari yale kitu kimoja tu: kelele. Maarifa yameachwa huko huko kwenye video.

Visingizio vinne

Kisingizio cha kwanza: "Kelele inaokoa maisha, watu wanatusikia tukija." Bomba linaangalia nyuma. Linamwambia kwa nguvu zaidi yule ambaye pikipiki imeshampita. Mtu aliye mbele anasaidiwa na honi, taa na breki. Mmotari mwenye taa iliyokufa na breki iliyoisha, ambaye ametumia pesa zake kununua bomba wazi, hana haki ya kuzungumza habari za usalama.

Kisingizio cha pili: "Bomba la kiwanda ni ghali na linaoza upesi." Hiki si kisingizio tupu. Barabara za hapa zinavunja vishikio, matope yanakula chuma kwa nje, na unyevu wa moshi unakila kwa ndani, hasa kwa safari fupi fupi ambazo bomba halipati joto la kutosha kukausha maji. Mmotari anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni hana akiba ya kununua jipya. Lakini bomba lililooza kweli linahitaji kuzibwa na kuchomelewa. Halihitaji kutobolewa zaidi. Bomba la kiwanda lililotumika, lililotolewa kwenye pikipiki iliyokufa na kuchomelewa vizuri, ni bora kuliko lile jipya la kung'aa lisilo na kitu ndani. Umasikini unaeleza bomba lililotoboka. Hauelezi bomba lililokatwa makusudi.

Kisingizio cha tatu: "Mkizungumza hivyo, polisi watapata njia nyingine ya kutukamua." Hofu hii ni ya haki, na anayeipuuza haijui barabara. Vizuizi ni vingi, na kila kosa jipya linaweza kugeuka kuwa mfuko mpya wa mtu. Lakini jibu la unyanyasaji barabarani si kuwanyima wahami usingizi. Jibu ni kuanza kazi hii garajini na kwenye parkingi, mikononi mwa wamotari wenyewe, kabla haijafika kwenye kizuizi. Chama kinachojisimamia kinampa askari sababu moja pungufu.

Kisingizio cha nne, kinachosemwa kwa sauti ya chini: "Wahami wamekuja juzi, mji una wenyewe." Wanaosema hivyo wasahau kidogo bomba na wajiulize ni familia ngapi za Beni ambazo hazijawahi kulala nje ya nyumba zao tangu 2014. Katika eneo hili, mwenyeji wa leo alikuwa mhami jana. Na anayewapa wahami chumba, sufuria na nusu ya shamba lake ni mwenyeji huyo huyo. Pikipiki haiwatenganishi, inawaamsha wote.

Sheria ipo

Hakuna haja ya kungoja sheria mpya. Nchi hii, wakati ikiitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1977 na Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu mwendo wa barabarani. Mkataba huo unataka gari au pikipiki yenye injini ya mafuta iwe na kituliza sauti kinachofanya kazi. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, nchi ilipata sheria yake ya barabara, ambayo mpaka leo bado inatajwa vizuizini. Inatajwa kwa kofia, kwa leseni, kwa bima. Kwa kituliza sauti, kimya.

Namna ya kuchagua bomba

Mmotari anayehitaji kubadilisha bomba afanye hivi, na abiria wake, wahami na injini yake watamshukuru.

Kwanza, aende dukani na bomba la zamani mkononi. Apime upana wa tundu la ndani pale linapoingia kwenye kichwa cha injini, na urefu wa mrija mpaka unapofika kwenye kituliza sauti. Jipya lifuate vipimo hivyo. "Linaingia" na "linafaa" ni maneno mawili tofauti.

Pili, aangalie ndani kwa taa ya simu. Mwanga ukipita moja kwa moja toka upande huu mpaka upande ule, hakuna kuta za ndani. Yapo mabomba ya kupitisha moshi moja kwa moja ambayo yana mrija wenye matundu madogo uliozungushiwa pamba ya kioo ili kunyonya sauti. Lakini katika yale ya bei rahisi pamba hiyo haikawii kuungua na kutoka, na baada ya hapo kinachobaki ni ngoma tupu.

Tatu, asidanganywe na sumaku. Wauzaji hupenda kuonyesha kwamba sumaku inashika au haishiki, kama uthibitisho wa chuma kisichooza. Lakini zipo aina za chuma kisichooza zinazotumiwa kutengeneza mabomba ya moshi na ambazo sumaku inazishika vizuri. Aangalie unene wa bati, na usafi wa mstari wa kuchomelea.

Nne, anunue gasketi mpya ya bomba la moshi kila anapofungua bomba. Ile ya zamani imeshabanwa. Haitaziba tena sawasawa. Baada ya siku mbili aangalie pale kiungoni: akiona masizi meusi, moshi unavuja, hewa inaingia, na ile milio ya "pu, pu" itaanza.

Tano, uzito wa bomba ubebwe na kishikio kilichofungwa kwenye fremu ya pikipiki. Bomba likining'inia kwenye bolti mbili za kichwa cha injini peke yake, mashimo ya barabara yatazivunja, na kuondoa bolti iliyovunjika ndani ya injini ni gharama kubwa kuliko bomba lenyewe.

Sita, kinga ya joto irudishwe mahali pake. Mabomba mengi ya mashindano hayana kinga hiyo. Anayelipa ni abiria: ndama ya mguu wa mama au wa mtoto inayogusa chuma cha moto wakati wa kushuka.

Na kwa yule asiyeamini hata neno moja katika haya, jaribio ni rahisi. Achukue mlima mmoja, mzigo mmoja na petroli lita moja iliyopimwa. Apande na kushuka kwa bomba la wazi mpaka lita iishe, ahesabu safari. Afunge bomba la kiwanda, arudie. Kisha ahesabu pesa zake, si sauti.

Nani afanye nini

Mafundi ndio mlango wa kwanza. Fundi anayekataa kuondoa kuta za ndani za bomba anapoteza kazi ya nusu saa na kuokoa jina lake. Fundi aliyeziondoa ana mashine ile ile ya kuchomelea ya kuzirudishia, na ana vyuma chakavu vya kutosha garajini. Afanye hivyo kwa bei ya kusaidia, kwa sababu yeye ndiye aliyeuza ule uongo.

Viongozi wa parkingi wana nguvu kuliko wanavyokubali. Wanajua namba ya kila pikipiki, wanajua nani amekaa zamu ya usiku. Waanze na sehemu na saa ambazo hazina ubishi: karibu na hospitali, shule na mahali wanapokaa wahami, na kila mahali baada ya jua kuzama. Pikipiki yenye bomba la wazi isipewe zamu ya usiku. Mchezo wa kontakti upigwe marufuku kabisa, mchana na usiku, kwa sababu hauna hata kisingizio cha umasikini.

Wenye pikipiki, wale wanaopokea hesabu jioni bila kuuliza injini imelalaje, nao wahusike. Mali ni yao. Valvu ikiungua, ni ya kwao.

Abiria wana silaha nyepesi kuliko zote: wachague. Kwenye mstari wa pikipiki kumi, wapande ile isiyopiga kelele, na waseme sababu kwa sauti ili wale tisa wasikie. Mmotari hubishana na askari, hubishana na kiongozi wa chama, lakini habishani na mteja aliyeshapanda pikipiki ya jirani.

Wakuu wa mji na wilaya za mji, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, watoe tangazo lililo wazi, lenye muda wa kutosha wa kurekebisha, lenye maelezo ya kosa na adhabu kwa maandishi na risiti, ili lisigeuke kuwa biashara ya vizuizini. Tangazo lisomwe redioni kwa Kiswahili na Kinande, si kubandikwa tu kwenye ukuta wa ofisi.

Hakuna katika haya kinachohitaji mfadhili, mkutano wa hoteli wala msafara kutoka Kinshasa. Vita haitaisha kwa sababu mabomba ya pikipiki yamefungwa vizuri, na hakuna anayedai hivyo. Kinachodaiwa ni kidogo na kinawezekana wiki hii: kwamba usiku wa leo, mlio ukisikika upande wa shamba, mama wa watoto wanne asilazimike kukaa kitandani akijiuliza kama ni bunduki au ni kijana aliyeuziwa kelele. Ajue. Na akiamua kuamka, aamke mapema.